Unga wa jirani na vidonge vya mama

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mama yangu ana miaka 58, na huu ni mwaka wa saba tangu aambiwe ana kisukari. Anatumia metformini ya 500 asubuhi na jioni, glibenklamidi ya 5 asubuhi, na usiku alikuwa akimeza atovastatini ya 20 kwa ajili ya mafuta kwenye damu. Mwezi wa pili jirani yetu alimletea unga wa karela, mlonge, uwatu na mbegu za zambarau, vijiko viwili asubuhi na viwili jioni. Akamwambia unga unasafisha mishipa, kwa hiyo dawa ya mafuta aiache, naye akaiacha. Sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 10.8, sasa ni 6.9. Mafuta mabaya, yaani LDL, kabla hajaanza dawa yalikuwa 4.4, mwaka jana akiwa kwenye dawa yalikuwa 2.6, juzi yamesoma 4.2. Siku hizi ameacha soda, amepunguza wali wa usiku na anatembea kila jioni. Mara mbili ameamka usiku amelowa jasho, mikono inatetemeka, tukampa chai ya sukari akatulia. Jirani anasema ni sumu inatoka. Sasa mama anataka kuacha vidonge vyote kwa kuwa ni kemikali. Je, ni kweli mimea ina viambato vinavyotibu kisukari na mafuta? Kama ni kweli, mbona hospitali hawavitumii? (Msomaji, Muheza)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Maswali yako umeyaweka mwishoni, na nitayafikia. Lakini nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara jicho langu limegota pale pale ulipopita mbio: mama ameamka usiku amelowa jasho, mikono inatetemeka, akapewa chai ya sukari akatulia. Hiyo si sumu inayotoka. Sumu haitulizwi na chai ya sukari. Hiyo ni sukari iliyoshuka kupita kiasi, na ndiyo hatari iliyo karibu zaidi na mama yako kuliko kitu kingine chochote ulichoniandikia.

Tazama ilivyotokea. Glibenklamidi hulibana kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala, na kidonge kimoja cha asubuhi kinaweza kuendelea kufanya kazi hadi usiku wa manane, hasa kwa mtu mwenye umri au mwenye figo zilizochoka kidogo. Dozi ile daktari aliipanga wakati mama anakunywa soda na kula wali usiku. Sasa soda hakuna, wali umepungua, miguu inatembea, na juu yake kuna vijiko vinne vya unga kila siku. Kidonge hakijui kwamba maisha yamebadilika. Kinaendelea kushusha kama kilivyoagizwa.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya hadithi yoyote ya mimea, mpeleke kliniki na uwaambie maneno yale yale uliyoniambia mimi. Yaelekea glibenklamidi itapunguzwa au itasimamishwa, ila aamue anayemwona mama, si mimi ninayesoma barua. Hadi siku hiyo unga uwekwe kabatini. Mashine ya kupimia sukari ikae karibu na kitanda. Akitetemeka tena, mpime. Ikiwa chini ya 4, mpe maji yenye vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari, subiri dakika 15, mpime tena; ikipanda mpe kitu cha kula. Kama amelegea hawezi kumeza, msimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Na hata akiamka vizuri baada ya hapo, sukari iliyoshushwa na glibenklamidi huweza kurudi kushuka saa kadhaa baadaye, kwa hiyo asiachwe peke yake.

Sasa tuje kwenye neno “kemikali”.

Kimoja cha vidonge ambavyo mama anataka kuviacha, metformini, kina ukoo na jani. Huko Ulaya kuna mmea wa jamii ya kunde, maua yake ya zambarau au meupe, wanasayansi wanauita Galega officinalis. Uliwahi kutumika katika tiba za kienyeji kwa karne nyingi, na wafugaji waliujua kwa sababu nyingine: mifugo ikiula kwa wingi inakufa. Ndani yake mna kiambato kinachoitwa galegini, cha jamii ya guanidini. Mwaka 1918 ilionekana kwamba guanidini inashusha sukari kwenye damu ya wanyama, na miaka ya 1920 galegini yenyewe ikajaribiwa kwa wagonjwa wa kisukari. Ilishusha sukari, lakini mpaka kati ya dozi inayoponya na dozi inayodhuru ulikuwa mwembamba mno, ikaachwa.

Mwaka 1922, Dublin, wanakemia Werner na Bell walitengeneza molekyuli ya ukoo huo huo, guanidini mbili zilizounganishwa, ndiyo metformini. Ikakaa kabatini. Ndipo mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, akachapisha matokeo ya kuitumia kwa watu, akaipa jina la Glucophage, maana yake mla sukari. Marekani waliiruhusu mwaka 1994 tu. Kilichowashawishi wengi ni utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1998: wagonjwa wenye uzito mkubwa walioanzishiwa metformini, 342 kwa idadi, walifuatiliwa kwa muda wa miaka kumi hivi, na vifo miongoni mwao vilikuwa pungufu kwa asilimia 36 wakilinganishwa na waliotibiwa kwa kuangalia chakula zaidi.

Nimeirefusha makusudi. Toka jani lililoua mbuzi hadi kidonge kilichopunguza vifo ni miaka themanini, na katikati yake molekyuli ya mmea ilibidi ibadilishwe. Hospitali wanavitumia viambato vya mimea, binti yangu, na mama anavimeza asubuhi na jioni. Ila wanavitumia baada ya kuvipima, kuvitengeneza upya pale ilipobidi, na kuhakikisha kila kidonge kina miligramu zile zile kama mwenzake.

Mfano wa pili naupenda kuliko huo. Mwaka 1835 wanakemia wa Ulaya walitoa kitu kichungu kwenye ganda la mzizi wa mti wa tufaha, wakakiita florizini. Kwa sababu ya ule uchungu walidhani kitafaa kwa homa, kama kwinini. Mwaka 1886 Mjerumani Josef von Mering akagundua kwamba ukimpa mnyama florizini, mkojo wake unajaa sukari. Kwa muda mrefu watu walifikiri ni ugonjwa wa kutengenezwa. Kumbe florizini ilikuwa inaziba mlango kwenye figo. Figo zetu huchuja kama gramu 180 za sukari kila siku, kisha huirudisha karibu yote kwenye damu; ziba mlango huo, na sehemu ya sukari inatoka na mkojo. Wazo zuri kwa mgonjwa wa kisukari. Lakini florizini ukiimeza utumbo unaivunja kabla haijafika popote, na huko huko utumboni inaziba mlango mwingine hata mtu akaharisha. Wanakemia wakachukua umbo lake, wakalirekebisha mahali pachache ili livumilie tumbo na lichague mlango wa figo peke yake. Ndiyo ukoo wa dapaglifulozini na empaglifulozini, dawa zilizoingia sokoni kuanzia mwaka 2012, ambazo leo wanapewa hata watu wenye moyo uliochoka. Ukitafuna ganda la mzizi wa mtufaha hupati dawa hiyo. Unapata uchungu.

Upande wa mafuta, dawa ya mama ya usiku ni ya jamii ya statini, na hizo chimbuko lake si mmea hasa, ni kuvu. Mjapani Akira Endo, aliyefariki mwaka 2024, alipekua zaidi ya aina 6,000 za kuvu akitafuta kitu kitakachozuia kimeng'enya ambacho ini hutumia kutengeneza lehemu, yaani kolesteroli. Mwaka 1973 akakipata kwenye kuvu wa jamii ile ile inayoozesha machungwa. Statini ya kwanza kuuzwa, lovastatini, iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Mwaka 1994 ukatoka utafiti wa nchi za Skandinavia kwa wagonjwa wa moyo 4,444: waliopewa simvastatini walikufa kwa asilimia 30 pungufu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Wachina nao kwa karne nyingi wamekula mchele mwekundu uliochachushwa kwa kuvu, na ndani yake mna molekyuli ambayo ni lovastatini hiyo hiyo. Hapa mtu angesema, basi tule mchele mwekundu. Shida ni kwamba pakiti hii ina nyingi na ile ina chembe, na kuvu huyo akilelewa vibaya hutoa pia sumu ya figo iitwayo sitrinini. Ulaya mwaka 2022 iliweka kikomo: bidhaa za mchele huo ziwe na chini ya miligramu 3 za kiambato hicho kwa siku.

Sasa nirudi kwenye barua yako, maana kuhusu mafuta jibu umeniletea mwenyewe bila kujua. Bila dawa, 4.4. Na dawa, 2.6. Dawa imeachwa na unga umeingia, 4.2. Atovastatini ya miligramu 20 hushusha LDL kwa asilimia 40 hivi, na 4.4 ikipungua kwa asilimia 40 inakuja pale pale kwenye 2.6. Mama yako ni kama ameandikwa kitabuni. Alipoiacha, namba imerudi ilikotoka, na unga umebaki na 0.2, tofauti ambayo hata maabara moja ikipima mara mbili inaweza kuileta, mbali na kwamba amepunguza wali na soda. Kwa mwenye kisukari wa umri wake tunataka LDL iwe chini ya 2.6, na wengi wetu tungefurahi ikifika 1.8. Hii mishipa inayosafishwa mimi siioni kwenye karatasi.

Sukari ni habari nyingine, na hapo sitamnyima jirani haki yake. Toka 10.8 hadi 6.9 ni kushuka kweli. Tatizo ni kwamba vitu vinne vilibadilika kwa pamoja: soda, wali, matembezi, unga. Soda moja ya mililita 350 ina karibu gramu 35 za sukari. Ukiniambia nigawe sifa kwa kukisia, sehemu kubwa ningempa mama na miguu yake, na kidogo ningeupa uwatu.

Naam, uwatu. Katika vitu vinne vya kwenye kopo lile, huo ndio ninaouheshimu zaidi. Nusu ya mbegu, au karibu yake, ni nyuzinyuzi, na sehemu yake ukiiloweka inavimba ikawa ute. Ute huo unaifanya sukari ya chakula iingie kwenye damu polepole, na unazibeba chumvi za nyongo kutoka nazo nje, hivyo ini linalazimika kutumia lehemu kutengeneza nyingine. Mna pia asidi amino moja ambayo imeonekana kulichochea kongosho kutoa insulini. Majaribio kwa watu yapo, mengi ya India, mengi madogo, na kwa jumla yanaelekea upande mmoja: sukari ya kufunga inashuka, si sana, lakini inashuka. Mama zetu wa pwani waliouloweka uwatu usiku wakanywa asubuhi hawakuwa wajinga. (Jasho likianza kunukia kama sukari guru usishtuke, ni uwatu huo.) Lakini ute ule ule unaoshika sukari unaweza kushika na vidonge, kwa hiyo dawa imezwe saa mbili kabla au baada. Na mjamzito asinywe uwatu kama dawa.

Karela ina viambato vitatu vinavyotajwa kila mahali: charantini, protini ndogo inayofanana kwa kazi na insulini, na visini. Kwenye panya inafanya maajabu. Kwa watu, jopo la kimataifa la Cochrane lilipoyapekua majaribio mwaka 2012 lilipata manne tu yenye sifa, watu 479 kwa jumla, wakasema ushahidi hautoshi kuipendekeza. Huko Thailand walilinganisha karela iliyokaushwa, gramu 2 kwa siku, na metformini gramu 1, kwa wiki nne. Karela ilishusha kidogo, metformini ikaipita. Mimi nakula karela, naipika na vitunguu vingi na ndimu, na sioni ubaya mama akila. Ila visini iko zaidi kwenye mbegu, na kuna watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi ambayo ni ya kawaida sehemu zilizozoea malaria, pwani yetu ikiwamo. Visini hiyo, ambayo imo pia kwenye maharage aina ya faba, inaweza kuvunja chembe zao nyekundu za damu. Wanashauriwa kuikwepa karela ya unga uliosagwa na mbegu zake.

Mlonge ni mboga nzuri sana, una protini, chuma, kwesetini, mengi. Kama dawa ya kisukari ushahidi wake kwa watu ni mwembamba. Uliwe.

Zambarau ndiyo imenisikitisha. Kabla ya insulini kupatikana mwaka 1921, mbegu zake ziliuzwa hata Ulaya kama dawa ya kisukari, na ukienda Tanga mjini hukosi mti wake. Wabrazili, ambao nao wanaitumia sana, walifanya jambo la uungwana: wakaijaribu vizuri. Wagonjwa wengine wakapewa chai ya majani ya zambarau, wengine glibenklamidi, bila mtu kujua nani kapewa nini. Mwaka 2004 wakatangaza kwamba glibenklamidi ilishusha sukari na chai haikushusha. Hayo ni majani, si mbegu, nakubali. Lakini mwenye mbegu naye alete jaribio lake.

Haikutajwa kwenye kopo, lakini najua itafuata, kwa hiyo niseme na mdalasini. Cochrane hao hao, mwaka 2012 pia, majaribio kumi, watu 577, hawakuona kwamba unashusha sukari kuliko kidonge kisicho na dawa. Ule mnene, mgumu, wa bei rahisi, uitwao kasia, una kumarini nyingi ambayo kwa wingi huumiza ini; ule mwembamba wa Zanzibar unaokunjika kama karatasi una kidogo sana. Kwenye pilau hakuna neno. Kwa vijiko kila siku, miezi mingi, nachagua ule wa Zanzibar au nauacha. Kitunguu saumu: chuo kikuu cha Stanford kilitangaza mwaka 2007 jaribio la miezi sita kwa watu 192, kibichi na cha vidonge, na LDL haikusogea. Gugul, utomvu wa ndugu wa manemane unaosifiwa India kwa mafuta, ulipojaribiwa Marekani mwaka 2003 LDL ilipanda badala ya kushuka.

Kiambato kimoja cha mmea kinanifanya nisimame wima. Berberini, rangi ya njano iliyo kwenye magome na mizizi ya mimea kadhaa ya Asia, na hata kwenye Berberis holstii inayoota nyanda zetu za juu. Mwaka 2004 Wachina walitangaza kwamba wagonjwa 32 wenye lehemu nyingi walioitumia miezi mitatu walishuka LDL kwa asilimia 25 na trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, kwa asilimia 35, kwa njia tofauti na ya statini: inalifanya ini liongeze vipokezi vinavyonasa LDL kutoka kwenye damu. Baadaye majaribio madogo ya kisukari yakaonyesha inakaribia metformini. Kiambato kimoja, magonjwa mawili, ndicho hasa ulichokuwa unaulizia. Basi mbona haiko kwenye orodha ya dawa? Kwa sababu majaribio mengi ni ya muda mfupi, hakuna aliyeonyesha kwamba inapunguza kiharusi au kifo, na utumbo unaifyonza chini ya asilimia moja, hivyo kiasi kinachofika kwenye damu kinabadilika sana kati ya mtu na mtu. Tena inagusa vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine, na haifai kabisa kwa mjamzito wala mtoto mchanga, kwa kuwa huweza kuzidisha manjano. Bado naifuatilia.

Najua utakutana na watu watakaokuonyesha kwenye simu tafiti kwamba mmea fulani “umethibitishwa”. Ukisoma ndani utakuta panya. Panya hao mara nyingi wamedungwa streptozotosini, kitu kinachoua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Kisukari chao si kile cha mama yako, ambaye kongosho lake lipo ila mwili unaikaidi insulini. Halafu fanya hesabu ya dozi, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Tuseme panya alipewa miligramu 400 za kimiminika kilichokaushwa kwa kila kilo ya uzito wake, dozi ya kawaida katika tafiti hizo. Kwa binadamu tunagawa kwa 6 hivi, kwa sababu mwili mkubwa huenda polepole: miligramu 65 kwa kilo. Mama akiwa na kilo 70, hiyo ni gramu 4.5 za kimiminika kikavu. Majani yakitoa sehemu moja ya kumi, kama ilivyo kwa mengi, anahitaji gramu 45 za majani makavu kila siku. Kijiko cha chakula cha unga wa majani kina kama gramu 5. Vijiko tisa, vya mmea mmoja tu, na jirani amempa vinne vyenye mimea minne. Kwa hiyo ama unga haufanyi kitu kikubwa, ama ndani yake kuna kitu kingine.

Hilo la kitu kingine silisemi kumchafua jirani. Mwaka 2008 huko Singapore hospitali zilipokea watu karibu 150 wasio na kisukari, sukari zao zimeshuka hadi wengine kupoteza fahamu, wanne walifariki. Walikuwa wametumia dawa za kuongeza nguvu za kiume zilizouzwa kama za asili, na ndani mlikuwa na glibenklamidi. Unga wa kisukari unaofanya kazi ndani ya siku tatu huwa unanipa mashaka ya namna hiyo hiyo. Kama mama anameza glibenklamidi ya hospitali na nyingine imo kwenye kopo, jasho la usiku linaeleweka zaidi. Ndiyo maana nimesema kopo liende kabatini, si jalalani: lichukueni siku ya kliniki.

Hata sisi si wageni wa mambo haya. Mwaka 2011 nusu ya nchi ilielekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kilichochemshwa kutoka kwenye mti wa mugariga, na kisukari kilikuwa kwenye orodha ya magonjwa yaliyoahidiwa kupona. Wagonjwa waliacha vidonge wakiwa kwenye foleni. Sikumcheka aliyekwenda. Dawa za maisha yote zinachosha, na mtu akiambiwa kuna njia ya kikombe kimoja moyo unamtangulia.

Kwa hiyo mama. Atovastatini airudie usiku wa leo, kama alikuwa haimdhuru; maumivu makali ya misuli au mkojo mweusi vikitokea aseme mara moja. Matunda mawili aulizie kliniki: balungi na danzi. Yana viambato vinavyozuia kimeng'enya cha utumboni kinachovunja atovastatini, na kiasi cha dawa kwenye damu kinapanda. Hilo liligunduliwa kwa bahati huko Kanada mwaka 1989, watafiti walipotumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe katika jaribio la dawa ya presha. Glasi moja moja si janga, ila mazoea ya kila siku si mazuri. Metformini aendelee nayo, apimwe figo, na kwa kuwa ni miaka saba apimwe vitamini B12 pia, maana metformini huipunguza. Waombe na HbA1c, kipimo kinachosoma sukari ya miezi mitatu kwa pamoja, kwa sababu 6.9 ya asubuhi moja inaweza kuficha mengi.

Akitaka mmea wa kumsaidia juu ya dawa, si badala yake, nitamtajia ambao ushahidi wake haunikoseshi usingizi: nyuzinyuzi za ute. Isabgoli inayouzwa kwenye maduka ya dawa na ya Wahindi, kijiko kwenye glasi kubwa ya maji kabla ya kula. Shayiri au oti, kiasi cha kupata gramu 3 za betaglukani, nyuzinyuzi zake za ute, kwa siku, hushusha LDL kidogo lakini kwa uhakika. Maharage, choroko, kunde, ambavyo Muheza havikosekani. Na uwatu wake, kijiko kimoja cha mbegu zilizolowekwa, baada ya daktari kurekebisha glibenklamidi na si kabla, mashine ikiwa karibu.

Wiki sita hadi nane baada ya kurudia dawa, apimwe LDL tena. Natarajia namba inayoanza na 2. Niandikie ikitoka, hata kama nimekosea.

Na jirani msimgombeze, huenda ana nia njema. Mwombe kitu kimoja tu: awapatie karela, mlonge, uwatu na zambarau kila kimoja peke yake, kabla hakijasagwa, mvione kwa macho. Akisema huletewa tayari kwenye mfuko na kijana fulani kutoka mjini, basi hata yeye hajui anachowapa watu.